Mkono wa Glenda Veinot

Mwaka mzima nilimchukia Glenda Veinot, na chuki yenyewe niliitunza vizuri kuliko bustani yangu. Asubuhi nikifumbua macho, kabla sijapapasa miwani, nilikuwa nimeshamkumbuka. Nikilala, nalala naye. Mume wangu Wendell alisema kitanda chetu sasa kina watu watatu na yeye ndiye anayekosa blanketi.

Mimi na Glenda ni wanachama wa Vidole Buluu, klabu ya waogeleaji wa maji baridi hapa ghubani kwetu, pwani ya kusini ya Nova Scotia. Tuko ishirini na wawili, wengi wetu wajukuu zetu wanatuonea aibu. Tunaingia baharini kila Jumapili, iwe Januari iwe Julai, kwa vazi la kuogelea, kofia na miwani ya maji, basi. Anayetaka kuvaa suti ya mpira atafute klabu ya watu wanaojipenda. Na kila Jumapili ya kwanza ya Juni, wavuvi wakishapandisha mitego yao ya kambakochi na ghuba ikabaki haina kamba za kutunasa miguu, tunashindana kuzunguka Kisiwa cha Kondoo. Ni kilomita mbili na nusu. Maji siku hiyo huwa nyuzi tisa, yakiwa na huruma kumi.

Mwanamke wa miaka hamsini na kuendelea anayetangulia kufika hupewa birika la shaba akae nalo mwaka mzima, na jina lake huchongwa ubavuni. Jina la mama yangu, Adelia Himmelman, liko pale tangu mwaka 1974. Mwaka juzi fundi alilipima birika akasema limebakiwa na nafasi ya majina mawili tu, baada ya hapo litawekwa kabatini linunuliwe jipya. Nilikuwa na miaka sitini. Nilitaka jina langu likae kwenye shaba moja na la mama yangu. Sikutaka kitu kingine chochote duniani, na nilikuwa na uwezo wa kukipata, maana kwa kasi hakuna mwanamke wa umri wangu ghubani hapa anayenikaribia. Hata Glenda.

Sasa nieleze habari ya mkono.

Klabu ilianzishwa na Verna Knickle na marehemu mumewe Basil. Basil alifia katika ghuba hii hii akiogelea na wenzake kumi na mmoja, mchana kweupe. Walimwona anakwenda upogo. Mmoja akamuuliza, "Basil, vipi?" Akajibu, "Niko salama." Wakamwacha. Baridi ina ubaya huo: mgonjwa wake ndiye wa mwisho kujua. Tangu siku ile Verna akaweka sheria moja tu, na ni hiyo tunayoishi kwayo. Ukimwona mwenzako ameanza kupotea, unasimamisha mkono wako juu ya maji na kutaja jina lake. Aliyetajwa anatoka majini papo hapo. Habishani. Kubishana ndiyo dalili yenyewe.

Kisha kuna kadi. Kabla ya mashindano kila mtu anaandika kwenye kadi swali lake moja na jibu lake, jambo ambalo hata ukiwa umelewa huwezi kulisahau. Ukitolewa majini, mwenye mashua anakuuliza swali lako na kuandika nyuma ya kadi ulivyojibu, ili wauguzi wajue baridi imekuingia kiasi gani. Na lolote utakalosema mle mashuani, kulia, kutukana, kumwita mtu aliyekufa, halisemwi nchi kavu. Ya mashuani huishia mashuani. Tumelizingatia hilo kuliko baadhi yetu tunavyozingatia viapo vya ndoa.

Basi mwaka ule nilikuwa mbele ya wanawake wote. Nilikuwa nimelifikia boya la mwisho, mita mia tatu tu kufika ufukoni, Glenda yuko nyuma yangu. Nikasikia kelele. Nikageuka, nikaona mkono wake juu, na jina analolitaja ni langu. Murdoch Rafuse, anayeendesha mashua, alifika nikiwa bado najiuliza kuna nini. Akanivuta kama anavyovuta mitego yake. Akaniuliza swali langu: jina la mama yako nani? Nakumbuka nilimjibu kwa sauti ya kengele. "Adelia Himmelman," nikasema, "na wewe Murdoch ni mpumbavu." Akanifunika blanketi. Nikamtazama Glenda akinyosha mikono yake mifupi kuelekea ufukoni, kulichukua birika langu.

Na hayo si mabaya yote. Kwetu, mtu aliyetolewa majini humpelekea keki yule aliyemwinulia mkono, kabla wiki haijaisha, na kumshukuru kwa mdomo wake. Nikaoka keki ya tangawizi. Niliupiga unga mpaka Wendell akaja kuuliza kama kuna mwizi.

"Ingia, mpenzi," Glenda alisema mlangoni kwake. "Unajisikiaje?"

"Sikuwa naumwa."

"Hapana. Ulikuwa baridi tu."

"Asante kwa mkono wako, Glenda." Maneno yalinikwaruza koo kama mwiba wa samaki.

"Acha bwana. Ungefanya vivyo hivyo kwangu."

"Tena bila kusita," nikamwambia, na nilimaanisha kila herufi.

Wiki nzima watu walikuwa wakinishika bega dukani na kuniambia nina bahati kuwa na rafiki vile. Ningesema nini? Nikisema sikuwa na baridi, nabishana, na anayebishana ndiye mwenye baridi. Glenda alikuwa amenifunga kwa kamba ambayo kila ninavyojitikisa inakaza. Ndivyo nilivyoliona, na nililiona hivyo usiku na mchana kwa miezi kumi na miwili.

Mpango ulinijia mwezi wa kumi, nikimenya viazi.

"Nitamwinulia mkono," nikamwambia Wendell.

"Nani?"

"Nani mwingine? Boya lile lile. Mita mia tatu zile zile. Akatolewe kama nilivyotolewa, aletwe kwenye blanketi, aniletee keki. Mwosha huoshwa."

Wendell aliweka gazeti chini. "Na kama hana baridi?"

"Kwani mimi nilikuwa nayo?"

"Mimi sikuwepo majini, Leota."

"Basi nyamaza umenye viazi."

Akamenya. Lakini baadaye akasema, taratibu, "Verna akijua utamuua yule bibi." Mimi nilikuwa nahesabu.

Majira yale ya baridi nilifanya kazi ambayo sijawahi kuifanya tangu nilee watoto. Asubuhi nilizama hadi shingoni katika pipa la maji ghalani, barafu ikielea kidevuni, Wendell akiwa na saa mkononi na uso wa mtu aliyefiwa. Jumamosi nilikwenda kwenye bwawa la mjini nikaogelea mpaka mabega yakawa yananiamsha usiku. Jumapili niliogelea na klabu, karibu na Glenda, nikijifunza habari zake. Glenda anavuta pumzi upande wa kulia tu. Akichoka, mguu wake wa kushoto hulegea. Akilifikia boya huinua kichwa mara mbili, ya kwanza kutazama boya, ya pili kutazama ufuko. Mumewe marehemu hakumjua mwanamke yule kama nilivyomjua mimi ilipofika Aprili.

Na yeye alikuwa mwema kwangu wakati wote. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Alikuwa ananiwekea chai kwenye chupa. Mwezi wa pili, vidole vyangu vilipokataa kufanya kazi, alinifungia kamba za viatu, amepiga magoti kwenye theluji. Nikatazama utosi wake nikawaza, piga magoti, bibie, zoea.

Siku ya mashindano iliamka na ukungu, ukaondoka saa tatu. Wanaume walikuwa wameshawasha moto ufukoni na sufuria ya supu ya samaki na viazi iko juu yake. Tulijipanga karibu na kibanda cha klabu tukipakana mafuta, maana chumvi na vazi hukata ngozi ya kwapa.

"Leota," alisema Paulette Surette, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno mengi, "mwaka huu utafika mwenyewe au tukuitie teksi ya Murdoch?"

"Mwaka huu teksi ina abiria mwingine," nikasema.

Watu wakacheka. Glenda naye akacheka. "Geuka, mpenzi, nikupake," akasema, akanipaka mabega, vidole vyake vya moto vikisugua taratibu pale ninapoumwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; wangu alikuwa ananikanda mgongo.

"Bega linasemaje?" akauliza.

"Linasema linakungoja."

"Basi tusilicheleweshe."

Verna, na miaka yake themanini na mmoja, alisimama juu ya kreti akapaza sauti iliyokwaruzika. Kila mwaka husema hayo hayo. "Mkono ukiinuka?"

"Tunatoka!" tukaitikia wote.

"Ukisikia joto?"

"Tumekwisha!"

"Haya, ingieni, wajinga nyie."

Maji yalinipiga kifuani, pumzi ikakata, nikasubiri irudi kama tunavyofanya siku zote, ikarudi. Nikaanza.

Niseme ukweli ambao sikuusema siku ile. Ningeweza kumpita Glenda kabla ya kulifikia boya la kwanza. Mikono yangu ilikuwa na nguvu ya mwaka mzima. Ningeondoka zangu, ningefika dakika nne kabla yake, birika lingekuwa langu na nafasi ya mwisho ingekuwa yangu, safi, bila kumgusa mtu. Lakini kufika mbele kulikuwa kumeshaacha kunitosha. Nilimtaka kwenye blanketi. Kwa hiyo nikajibana nyuma ya miguu yake, upande wa kushoto asikotazama, nikaogelea kwa kasi yake, kasi ya mtu anayekwenda sokoni. Nikaomba asiongeze mwendo, asije akanipotea.

Upande wa nje wa kisiwa maji hupanda kutoka kilindini, na pale baridi ni nyingine kabisa. Huingia kwenye meno. Kwa kasi yangu mwenyewe ningekatiza pale upesi, damu ikichemka. Kwa kasi ya Glenda nilikaa mle muda mrefu, nikijizuia, mikono ikipiga nusu nusu. Nilihesabu: mia mbili, mia tatu. Vidole vikaanza kutanuka na kukataa kufungana. Sikujali. Nilikuwa nautazama mguu wake wa kushoto.

Tukakizunguka kisiwa. Boya la mwisho likaja, jekundu, kubwa, linayumba. Glenda akainua kichwa mara moja. Akainua mara ya pili.

Nikasimama majini nikainua mkono wangu mpaka kwapa likauma. "Glenda!" nikapiga kelele. "Glenda Veinot! Anakwenda upogo! Namwita haitiki!"

Mashua ikageuka. Glenda alisimama, akainua miwani yake ya maji, akanitazama. Akatazama mkono wangu. Nilingoja abishe. Nilikuwa nimeiota miezi minane sauti yake akibisha, nilikuwa nimeshaitungia majibu. Yeye aliogelea mwenyewe hadi ubavuni mwa mashua akampa Murdoch mikono yake miwili, kama mtoto anayetaka kubebwa.

"Mbwa wako wa kwanza aliitwa nani?" Murdoch akamuuliza.

"Biskuti," Glenda akajibu. Wazi, bila kutetemeka.

Murdoch akanitazama mimi. Akaandika kwenye kadi. Mkono ni mkono, hakuwa na la kufanya. Akamfunika blanketi, na mimi nikacheka mle mle majini mpaka nikameza chumvi.

Oh, mita zile mia tatu! Sijawahi kuogelea hivyo. Maji yalilainika, mikono ikawa inateleza yenyewe, na mwili wote ukajaa joto tamu lililoanzia tumboni likaenea mpaka kwenye nyayo. Nikajiambia hili ndilo joto la kisasi, kumbe wanalolisema watu ni la kweli. Nilikuwa na furaha kiasi cha kumsamehe kila mtu isipokuwa mmoja.

Halafu nikasikia injini nyuma yangu.

"Leota!" Ilikuwa sauti ya Glenda. Amesimama mashuani, blanketi limemwanguka, mkono wake uko juu. "Leota Mossman! Mtoe, Murdoch! Mtoe huyo!"

"Mwongo!" nikampigia kelele. "Mchawi wewe! Mwaka jana ulinitoa, leo hutaniweza!"

"Leota, mama," Murdoch akasema, "jina la mama yako nani?"

"Adelia Himmelman!" nikajibu. "Adelia Himmelman, na jina lake liko kwenye birika!" Nikampa mgongo. Nikapiga mikono. Ufuko ulikuwa mbele yangu, nikawaona watu wamesimama mstari, nikauona moto, nikaliona jiwe la kumalizia. Nikalinyoshea mkono, nikaligusa. Walikuwa wanashangilia.

Kilichofuata ni jiko. Nilikuwa nimelazwa kibandani karibu na jiko la kuni, nimefungwa mablanketi manne, chupa za maji ya moto makwapani, meno yanagongana hadi kichwa kinauma. Muuguzi wa klabu alikuwa ameshanipima na kutoka. Verna alikuwa amekaa kwenye benchi. Na aliyekuwa ananifunga vifungo vya sweta langu, kimoja kimoja, kuanzia chini, alikuwa Glenda.

"Nimetumia dakika ngapi?" nikauliza. Ulimi ulikuwa mzito.

"Dakika za nini?" Verna akauliza.

"Nimeligusa jiwe. Birika liko wapi?"

Wakatazamana. "Birika amechukua Paulette," Verna akasema. "Alikuja wa tatu nyuma yenu, akafika wa kwanza, hajaamini mpaka sasa. Yuko nje analipigisha picha."

"Nililigusa jiwe! Mliniona! Mlikuwa mnashangilia!"

"Walikuwa wanapiga kelele urudi, mama," Glenda akasema. "Ulikuwa unakwenda baharini. Ufuko ulikuwa mgongoni kwako. Murdoch alikunasa kwa upondo wa mashua, na ukamuuma mkono."

"Huyu mwanamke anasema uongo," nikamwambia Verna. "Mwaka jana ni hivi hivi. Niliulizwa swali nikajibu. Leo nimeulizwa nikajibu. Muulize Murdoch."

Verna alikuwa na kopo la biskuti magotini, lile tunamoweka kadi za miaka yote. "Miaka thelathini na zaidi sijamwonyesha mtu hizi," akasema. "Ya mashuani huishia mashuani. Nilidhani ni heshima." Akachomoa kadi mbili, akanishikia mbele ya macho maana vidole vyangu havikuweza.

Ya kwanza ilikuwa ya leo, imelowa pembeni. Mbele, mwandiko wangu: jina la mama yangu ni nani. Nyuma, penseli ya Murdoch: *Anaogelea kuelekea nje. Anatukana. Jibu: ng'ombe wameshakamuliwa.*

Ya pili ilikuwa ya mwaka jana. Swali lile lile, mwandiko ule ule. Nyuma: *Ameligeukia boya mara mbili, anarudi kisiwani. Kucha nyeusi. Jibu: waambie ng'ombe wangoje.*

Nilikulia kwenye ng'ombe. Mama alikuwa nao sita. Sijawazungumzia mbele ya Murdoch Rafuse hata siku moja.

"Nilikuita mara tatu mwaka jana," Glenda akasema. Alikuwa amefika kifungo cha kifuani. "Ulinijibu 'niko salama.' Hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Nikasikia nywele zinanisimama, kwa sababu ya Basil. Ndipo nikainua."

Nilitafuta hasira yangu. Nilikuwa nimeizoea, nilijua ilipo, nikaishika nikakuta haina mahali pa kusimama. Mwaka mzima! Pipa, barafu, bwawa, mguu wa kushoto, vyote vilikuwa vimejengwa juu ya jibu moja nililolikumbuka vizuri sana, na sikuwahi kulitoa.

"Mbona hamkuniambia?" nikasema.

"Ungekubali?" Verna akauliza.

Glenda alikifunga kifungo cha mwisho, cha kooni. Hakuondoa mikono yake. "Sasa na mimi niulize swali langu," akasema. "Uliniona nini pale kwenye boya?"

Nilikuwa bado na uongo mkononi. Ningesema mguu wake ulilegea. Ningesema haitiki. Verna alikuwa ananitazama, mwanamke ambaye mumewe alikufa mbele ya watu kumi na mmoja kwa kukosa mkono mmoja tu wa kweli.

"Sikuona kitu," nikasema.

"Uliniita?"

"Sikukuita."

Verna akafunga kopo la biskuti. Alilifunga polepole, kisha akalishikilia kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Uso wake ulikuwa umezeeka kwa muda ule nilioutazama. "Huyu ni wako, Glenda," akasema. "Sema unataka nimfanye nini. Nikiwaambia watu walioko nje, hatakanyaga ufuko huu tena."

"Waambie," nikasema. Nilitaka kweli. Nilitaka wanifukuze, wanitemee mate, niende zangu nyumbani nikakae na Wendell.

"Hapana," Glenda akasema. "Jumapili ijayo watu wataingia majini. Wakisikia kuna mkono ulioinuliwa kwa uongo, siku nyingine ukiinuka wa kweli watauliza kwanza. Murdoch atasita. Mtu atakufa akingoja Murdoch aache kusita." Aliniinamia, sura yake karibu na yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuona wema wowote machoni mwake. "Usidhani nimekusamehe. Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Lakini utatoka nje na mimi, na utafanya nitakachokuambia. Simama."

Nikasimama. Alinishika kiuno, mimi nikamwegemea, kwa sababu bila yeye nisingeweza kupiga hatua. Mlango ukafunguka. Wote walikuwa pale, na mabakuli yao ya supu, Wendell mbele kabisa amekunja kofia yake mpaka haifai tena.

"Jamani!" Glenda akapaza sauti. "Nisikilizeni. Leo pale kwenye boya nilikuwa nimekwisha, na sikujua. Leota ndiye aliyeona. Alikuwa na nguvu za kunipita, mlimwona wenyewe tangu Januari anavyoogelea. Akaacha ushindi wake, akakaa nyuma yangu kwenye baridi ile yote kunilinda, mpaka ikamwingia yeye mwenyewe. Kama si mkono wake ningekuwa chini sasa hivi."

Murdoch, mwenye bandeji mkononi, aliyemsikia Glenda akisema "Biskuti" wazi kama redio, aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Ya mashuani huishia mashuani.

Kisha Paulette akaliweka birika chini kwenye mchanga, akaanza kupiga makofi. Wengine wakafuata. Wendell alikuwa analia, akitikisa kichwa, na nilijua anajilaumu kwa kunidhania vibaya.

Midomo ya Glenda ilikuwa sikioni mwangu.

"Tabasamu," akaninong'oneza.

Nikatabasamu. Walipiga makofi muda mrefu sana.